Mkalimani wa Kijapani

Mume wangu Isakwisa hajui Kijapani. Naanza na hilo kwa sababu Iringa nzima, kuanzia Ipogolo bondeni hadi sokoni juu, watu waliamini kwamba anakijua, na wapo mpaka leo watakaoapa kuwa alijifunza vitani Burma. Burma alikwenda kweli. Alikaa miezi saba akiosha masufuria ya jeshi. Wajapani aliowaona ni mateka watatu waliopitishwa mbele ya jiko, na hakuna hata mmoja aliyesimama kumsalimu.

Aliporudi alipata kazi ya ukalimani barazani, maana Kinyakyusa ni chake, Kihehe alikiokota mtaani, na Kiingereza alikisoma misheni. Ulimi anao, sikatai. Lakini kazi ile ilimharibu. Mtu akisemea wengine miaka mingi, mwisho huona kwamba wenyewe hawana cha kusema. Siku moja nilimsubiri nje ya baraza, nikamsikia mama mmoja akijieleza kwa Kihehe robo saa nzima, sauti ikipanda na kushuka. Isakwisa akamgeukia mkubwa wake akasema, "Amekubali." Nilipomuuliza njiani, alicheka tu. "Mama Lea, maneno mengi ya watu ni kelele. Mimi natoa kiini."

Basi mtu wa namna hiyo ndiye aliyekabidhiwa sinema.

Mwenye sinema alikuwa Bwana Kassamali wa duka la vitambaa. Alinunua mashine na jenereta, akazifunga kwenye lori. Halafu katika masanduku aliyoyapata mnadani Dar es Salaam, mali ya Mjapani mmoja aliyekuwa akileta vitambaa kabla ya vita, akakuta makopo sita ya filamu. Ilikuwa sinema ya zamani, lakini ya kusema, si ya bubu. Tena ya kuchekesha: mume na mke wanaoishi pembeni mwa mji mkubwa wa kwao, kwenye vijumba vya mbao vilivyobanana karibu na reli, milango ya kusukuma, nguo zimeanikwa uani, na jirani akipiga chafya wewe unamjibu afya.

Hadithi yenyewe ni nyepesi. Mume ni karani. Kila asubuhi anafunga tai na kukimbilia treni. Siku moja inakuja barua, na kwa tafsiri ya Isakwisa mke anatakiwa aende na mumewe kwa shangazi yake. Mume hataki. Anajifunga kitambaa shavuni, anasingizia jino. Mke anamhurumia, anampikia uji siku tatu. Njaa inamzidi, huyo bwana ananyatia jikoni, anaangusha masufuria, majirani wanachungulia. Mwisho mke anamkuta ameshika samaki mzima mkononi, na kitambaa kimehamia shavu la pili. Hapo hata mimi, mwenye hasira zangu, ningecheka, kama isingekuwa maneno yaliyotiwa juu yake.

Jioni hiyo ya kwanza, uwanjani Iringa, mashine iliwashwa, muziki ukalia, na mume wa Kijapani akafungua mdomo kwenye spika. Watu wakapiga miluzi. "Anasema nini huyo? Zima!" Mke alikuwa bado hajatokea. Isakwisa akaruka mbele, akamwambia Philbert, fundi wa mashine, achomoe waya wa spika. Akachukua bomba la bati, lile la kutangazia mnada, jembamba mdomoni na pana mbele, akasimama kando ya shuka jeupe. "Tulieni," akasema. "Lugha hii naijua."

Tangu jioni ile waya haukurudishwa. Mjapani akawa anasema Kiswahili cha Isakwisa. Mume alimpa sauti nzuri ya uungwana, ya mtu anayeonewa. Mke alimpa sauti ya pua, nyembamba, yenye kukwaruza. Nilikuwa nimekaa na jirani yangu Verediana, tunatafuna karanga, ninacheka kama wengine, mpaka mke wa Kijapani alipoleta bakuli la uji.

"Kunywa uji," Isakwisa akakwaruza kwenye bati. "Mgonjwa gani anaota nyama?"

Nikaacha kutafuna. Verediana akanigeukia polepole, kwa sababu yeye anakaa ukuta mmoja na sisi, na ukuta wetu ni wa matete. Tukafika kwenye samaki. Mke akasimama mlangoni, na Isakwisa akapaza sauti, "Mimi sikuolewa na tumbo! Niliolewa na mtu! Mtu huyo yuko wapi?"

Uwanja ulilipuka. Wanaume walipigana mabega. Kwenye picha, mke aliinua mkono wa vazi lake, mpana kama mkono wa joho la padre, akaufunika mdomo, akageuza mgongo, mabega yakimtikisika. "Mnaona?" Isakwisa akasema. "Anacheka! Mume anakufa njaa, yeye anacheka!"

Maneno yale ni yangu. Niliyasema mara moja tu katika maisha yangu, nyumbani kwangu, na nitasema ni lini.

Mwaka uliotangulia, mwezi wa tatu, mama yangu alifariki kwetu, upande wa Tukuyu. Kwetu Wanyakyusa mkwe hasimuliwi msiba, anakwenda, tena anakwenda na ng'ombe na nguo. Isakwisa alikuwa anawaogopa kaka zangu, kwa kuwa tangu anioe hakuwahi kushika jembe shambani kwa baba yangu. Barua ilifika asubuhi. Mchana akajifunika blanketi akasema ana homa, anatetemeka, anakufa. Ningemwacha mtu anayekufa? Nikabaki kumuuguza. Siku tatu nilimnywesha uji kwa kijiko, akiomba nyama namwambia, mgonjwa gani anaota nyama, na katika siku hizo mama yangu alizikwa bila mimi. Siku ya tatu nilitoka kisimani nikamkuta jikoni amechuchumaa na sufuria ya nyama ya mbuzi, mafuta yanamtiririka kidevuni. Homa imekwenda wapi, hata yeye hakujua. Hapo ndipo niliposema, sikuolewa na tumbo, niliolewa na mtu, mtu huyo yuko wapi. Nikajifunika uso kwa khanga, nikageukia ukuta.

Huo msiba ndio alioupeleka uwanjani watu wacheke.

"Umechukua maneno yangu," nilimwambia tulipofika nyumbani.

"Nilichukua yaliyokuwepo," akasema. "Yule mwanamke anasema jambo, sijui jambo gani. Nitamwacha bubu?"

"Na kucheka? Nani alicheka, baba Lea?"

"Ile ni sinema, mama Lea. Mbona unajitafutia ugonjwa?"

Wiki nzima sokoni sikupumua. Wauza mbogamboga walikuwa wakisalimiana kwa Kihehe, "Kamwene! Umeolewa na tumbo au na mtu?" Hawakujua kwamba mwenye maneno amesimama mbele yao anachagua nyanya za Ilula. Verediana alijua, na alinyamaza, na huruma yake iliniuma kuliko kicheko chao.

Lakini Iringa ningeivumilia. Kilichonitia hofu ni upande wa Mbeya, kwa baba mkwe. Jina lake sitalitaja, hata leo, hata kwa maandishi. Mke wa kwetu hamtaji baba mkwe, hamtazami, haketi penye macho yake. Akimwona njiani anaingia majanini mpaka apite. Nililelewa hivyo na sioni aibu. Na kwa mzee huyo Isakwisa alikuwa amepeleka tafsiri yake ya msiba: aliumwa kweli, mke akamnyima chakula, akambakizia uji, tena alimcheka kitandani, na kwa ajili hiyo ukoo mzima haukuonekana kwenye mazishi. Mchoyo, na mwenye kucheka mgonjwa. Kwetu mwanamke akishapewa majina hayo mawili, hata kuku wa uani hawamwamini.

Mwezi wa saba ikaja barua iliyoandikwa na shemeji yangu Asukile. Baba anatuita. Atasikiliza habari ya uji, kisha atasema kama mke huyu abaki katika nyumba yake au arudi kwao, na Lea abaki kwa babu. Lea alikuwa na miaka minne.

Nilisoma barua mara tatu. Mbele ya mzee nisingeweza kukaa, sembuse kusema. Mtu angekaa mbele yangu anisemee. Na huyo mtu ni nani? Mkalimani! Nilicheka peke yangu, kicheko kibaya.

Isakwisa alifurahi. Bwana Kassamali alikuwa anapeleka lori Mbeya, basi tukapakiwa na mashine, na mke wa Kijapani akasafiri nasi ndani ya makopo yake. Tulilala Chimala. Sinema ilionyeshwa karibu na maghala ya mpunga, na wanawake wa mpunga waliangua vicheko mpaka wakashikana viuno. Mimi nilikaa kwenye lori na Lea. Philbert alikuja kuchukua mafuta ya jenereta, akanikuta ninafuta macho.

"Mama Lea, usijali, hiyo ni mchezo tu."

"Wewe ulishamsikia huyo mwanamke sauti yake mwenyewe?" nikamuuliza.

Akajikuna kichwa. "Bado. Mzee Isakwisa hataki. Lakini sauti iko, shida hakuna. Inatembea kwenye waya mpaka mwisho. Inakosa mdomo wa kutokea, basi."

Kesho yake nilijaribu mara ya mwisho. Tulikuwa juu ya magunia, vumbi la Mbarali limetupaka sote rangi moja. "Baba Lea, kwenu usiyaseme yale. Sema mengine, una maneno tele. Nakuomba."

"Ndiyo yanayochekesha," akasema. "Baba naye atacheka, moyo wake utalegea, mambo yataisha."

"Yataisha kwa nani?"

Alikuwa anajaribu sauti ya pua, taratibu, akiangalia barabara.

Nyumbani kwao ni milimani, kando ya barabara ya kwenda Tukuyu, penye baridi, migomba na ukungu. Mama mkwe alinipokea kwa "Ugonile" ya kutupa tu, akamchukua Lea mikononi mwangu akaingia naye ndani kama mtu anayechukua chake. Wifi mmoja aliniletea kigoda, akakiweka mbali na moto. Mashauri yatakuwa kesho baada ya ibada, wakasema. Leo ni sinema.

Jua lilipotua, Philbert alitundika shuka kati ya miti miwili uani. Lori likabaki upande wa barabara. Mbele ya shuka wakapangwa wazee, na katikati yao kiti cha baba mkwe. Nilijua kwa sababu wanawake wote tulioolewa pale tulijitenga mara moja. Tulikuwa watano, wake za wana. Tungekaa wapi tusimwone mzee naye asituone? Mama mkwe akaonyesha kidole: nyuma ya shuka. Picha inaonekana huko pia, ila kushoto ni kulia.

Tukaenda, tukaketi kwenye majani ya migomba. Na palepale mbele ya magoti yangu palikuwa na spika ya Bwana Kassamali, sanduku jeusi lenye wavu, limewekwa juu ya gunia kama kawaida yake. Waya wake ulitambaa toka kwenye lori, ukaishia kwenye nyasi, plagi inang'aa.

Nasema kweli, sikuwa nimekusudia. Nilikaa nimeiangalia plagi ile sehemu nzima ya treni na tai. Upande wa pili Isakwisa alikuwa anapamba moto. Kwao alijizidi: alitia Kinyakyusa, alitia majina ya majirani, wazee wakakohoa kwa kucheka. Ukaja uji. "Mgonjwa gani anaota nyama?" Wenzangu nao wakacheka, kisha wakaniangalia, wakanyamaza mmoja mmoja. Habari ya uji walikuwa wameisikia. Mdogo kuliko wote, Lusia, akaninong'oneza, "Dada, huyu si anakusema wewe?"

"Ndiyo," nikasema.

Masufuria yakaanguka bila sauti. Samaki akashikwa. Mke wa Kijapani akatokea mlangoni, kwetu sisi mlango wa kushoto, na upande wa pili Isakwisa akavuta pumzi ambayo niliisikia kupitia shuka. "Mimi sikuolewa na tumbo!"

Nikaokota plagi nikaichomeka.

Spika ilinguruma, ikakohoa, halafu akasema. Si sauti ya pua. Ilikuwa sauti ya chini, ya mwanamke aliyechoka, inayotoka polepole, na kati ya neno na neno kulikuwa na nafasi. Isakwisa alikuwa bado anakwaruza, "Niliolewa na mtu!" lakini picha ilikuwa imeshafunga mdomo, na yeye akabaki anapiga kelele peke yake kando ya shuka. Mtu mmoja akamwambia, "Ssss!" Akanyamaza.

Tukasikia bakuli likiwekwa mezani. Tukasikia treni yao, mbali. Mwanamke akainua mkono wa vazi, akafunika mdomo, akageuka, mabega yakaanza kutikisika, na kwenye spika akaanza kulia. Alilia kwa kujizuia, kama mtu ambaye majirani wako karibu na ukuta ni mwembamba. Hakuna aliyehitaji kufasiriwa. Kilio cha mke anayejificha uso kila mmoja wetu nyuma ya shuka alikijua, na mbele nao walikijua, maana wote walikuwa na mama.

Philbert, Mungu ambariki, hakuzima. Mume wa Kijapani aliweka samaki chini, akafungua kitambaa shavuni, akasema neno moja dogo. Mke akaendelea kulia. Halafu kopo likaisha, shuka likabaki jeupe tupu, na jenereta ikisikika kule barabarani.

Ndipo baba mkwe aliposema. Sauti yake naijua kwa kuikimbia miaka sita.

"Isakwisa."

"Tata."

"Yule mwanamke alikuwa analia."

"Ni... ndiyo, Tata, sinema hizi wakati mwingine..."

"Wewe ulisema anacheka. Umesimama hapa mbele yangu, ukasema anacheka."

Niliona kivuli cha Isakwisa kwenye shuka, bomba la bati bado liko mdomoni, amelisahau hapo.

"Na uji," mzee akasema, taratibu, kama anayepanga kuni. "Maneno ya uji nimeyasikia kwako kabla ya leo. Ya nyama pia. Uliniambia mke wako alijifunika khanga akakucheka. Ule ulikuwa mwezi gani?"

"Wa tatu."

"Mwezi aliozikwa mama yake."

Mtoto wa mtu akakohoa. Nilikuwa nimeishika spika kwa mikono miwili bila kujua, na ilikuwa ya moto kama chungu. Lusia alinishika kiuno. Nilitaka kupiga kelele kupitia shuka lile, nimwambie mzee kila kitu, kijiko, kisima, mafuta ya mbuzi kidevuni. Lakini nisingeweza, na safari hii haikunilazimu. Kwa mara ya kwanza mkalimani aliulizwa jambo ambalo jibu lake alilijua.

"Sema," baba mkwe akasema. "Mke wako alikuwa anacheka?"

Isakwisa akasema kwa sauti ndogo, lakini bati halijui sauti ndogo, na mlima wote uliisikia, hadi barabarani, hadi kwa Philbert juu ya lori:

"Alikuwa analia, Tata."

Mzee aliinuka, kiti kikagongana na kingine. Hakuja upande wetu. Yeye pia anajua mila. Alisema tu, kwa wote na si kwa mtu, "Kesho hakuna mashauri. Keshokutwa huyu kijana atakwenda Tukuyu na ng'ombe wangu, atabisha hodi kwa wakwe zake, na safari hii atasema mwenyewe yaliyo yake."

Mama mkwe alizunguka shuka. Alikuwa amembeba Lea, amelala. Alisimama mbele yangu, midomo inatafuta neno, na mimi sikumsaidia kulitafuta. Mwisho akaniwekea mtoto mapajani, akakaa kwenye majani ya migomba pamoja na sisi.

Watu wananiuliza kama nilimsamehe Isakwisa. Sijamsamehe. Ninampikia, ninamfulia, na akiwa na homa ninampima kwa mkono wangu kwanza. Mama yangu alizikwa bila mimi, na ng'ombe hafukui kaburi. Lakini barazani, nimeambiwa, siku hizi mtu akilia mbele yake, anasimama kwanza, anamsubiri amalize.